Dereva Atoe Muda, Mafuta Tuyatoe Sisi

Ukifungua siku hizi kundi la WhatsApp la mtaa, la usharika au la waliosoma pamoja hapa Mbeya, hukosi kukutana na tangazo la namna hii: kesho saa kumi na moja alfajiri natoka Uyole kwenda Hospitali ya Rufaa, nina nafasi mbili kwa wagonjwa wenye tarehe ya kliniki, hakuna malipo. Chini yake zinafuata baraka na amina. Jambo hili limekuja wakati namba 115 ya m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura wa wajawazito na watoto wachanga, imeshazoeleka vijijini, na watu wengi wameyachanganya mawili hayo. Wanadhani dereva anayeitwa na 115 anajitolea, na wanadhani huyu wa WhatsApp ni tawi la 115. Kutokana na mchanganyiko huo nasikia ikisemwa, kwenye vijiwe na hata kwenye vikao vya kata, kwamba usafiri wa wagonjwa Nyanda za Juu Kusini umepata dawa, kilichobaki ni watu wengi zaidi kuwa na moyo. Mimi naona moyo tunao wa kutosha. Mzigo ndio tumeugawa vibaya. Anayejitolea kuendesha angetakiwa kutoa muda wake na uangalifu wake, na gharama za gari zibebwe na wengine: kijiji, usharika, kikundi, halmashauri. Tukimwachia vyote viwili tutapata huduma ya wiki sita, kisha simu isiyopokelewa.

Tuanze na 115, maana hapo ndipo watu wanapopotea. M-mama ulianzia Sengerema na Shinyanga kabla ya Rais Samia Suluhu Hassan kuuzindua kitaifa mwaka 2022. Ni mfumo wa dharura kwa mjamzito, mama aliyejifungua na mtoto mchanga. Mtu anapiga 115 bila kulipia, mhudumu aliye kituo cha mawasiliano anauliza dalili, anaamua mgonjwa apelekwe wapi, kisha anatafuta gari. Kama gari la wagonjwa liko mbali au liko kazini, anapigiwa dereva jamii, yaani mwananchi mwenye gari lake aliyesajiliwa na kupewa mafunzo. Akishamfikisha mgonjwa, analipwa kwa simu kulingana na safari. Analipwa. Hilo halimpunguzii heshima hata kidogo, na ndilo linalofanya aamke saa nane usiku mwezi wa kwanza na mwezi wa kumi na mbili vilevile. Wanaousifu mfumo huu kwa kusema umejengwa juu ya kujitolea wanausifu kwa jambo ambalo halimo ndani yake, na kwa kufanya hivyo wanajifunza somo lisilo lake. Somo lenyewe ni kwamba gari la jirani linaweza kuwa gari la wagonjwa la kuaminika pale ambapo kuna mtu wa kupokea simu, kuna orodha ya madereva, na kuna fedha zinazofika bila kuombwa.

Halafu kuna wale ambao 115 haikuwekwa kwa ajili yao. Mzee mwenye figo zilizoshindwa kazi si dharura ya uzazi. Mama mwenye uvimbe kwenye titi aliyepewa tarehe ya kurudi baada ya wiki tatu si dharura ya aina yoyote, kwa macho ya anayepanga magari. Mtoto wa mguu kifundo anayebadilishiwa plasta kila wiki, kijana wa kifafa anayefuata dawa, bibi aliyetolewa mtoto wa jicho anayetakiwa kuonwa kesho yake: hawa wote wana jambo moja linalofanana, yaani tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Hawamhitaji anayekimbia na king'ora. Wanamhitaji anayefika kwa wakati, leo, na tena Jumatano ijayo, na tena Jumatano inayofuata. Hapo ndipo dereva wa kujitolea ana kazi ambayo hakuna mwingine aliyepangiwa.

Wapo wanaouliza kwa nini jambo hili lije sasa, wakati tumejengewa zahanati na vituo vya afya kila upande. Ni swali la haki. Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, ule wa 2007 hadi 2017 tuliouita MMAM, ulilenga zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata, na pamoja na mapungufu yake umesogeza mengi karibu na watu. Lakini huduma zilizosogea ni za maradhi yanayokuja na kuondoka: malaria, kuhara, chanjo, uzazi usio na matatizo. Wakati tunajenga, ugonjwa wenyewe ulikuwa unabadilika. Shinikizo la damu, kisukari, figo na saratani hazitibiwi kwa safari moja. Mgonjwa anayesafishwa damu kwa mashine hulazwa kitandani kwa muda wa kama saa nne, mara tatu kwa wiki kwa kawaida, na hiyo si ya mwezi mmoja. Akikosa, maji na sumu vinajaa mwilini, na chumvi ya potasiamu ikipanda inaweza kuusimamisha moyo. Mgonjwa wa saratani anayehitaji mionzi bado anapelekwa mbali, kwenye taasisi ya saratani ya Ocean Road jijini Dar es Salaam kwa wengi wetu, kilomita zaidi ya 800 kutoka Mbeya. Zahanati iliyo hatua mia mbili kutoka mlangoni kwake ni jambo jema, lakini haimsaidii chochote katika hilo.

Na milima yetu inafahamika. Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya inahudumia nyanda zote hizi, kuanzia Ruvuma na Njombe hadi Rukwa na Katavi. Watu wa Makete wanateremka na watu wa Mbeya wanapanda, maana Ikonda, hospitali ya Wakonsolata iliyo juu kabisa kwenye baridi, imekuwa kimbilio la wagonjwa kutoka mikoa mingi. Kuna Ilembula, Chimala, Igogwe, Itete, Isoko, Matema, Tosamaganga, hospitali za misheni zilizojengwa pale ambapo watu walikuwapo enzi hizo, na mara nyingi si pale barabara kuu ilipokuja kupita. Mgonjwa anayetoka Lwangwa au Mwakaleli kwenda mjini Mbeya anaanza na bodaboda hadi kwenye lami, anapanda Hiace, anashuka, anatafuta bajaji. Mara nyingi kile kipande cha kwanza, kifupi kuliko vyote, ndicho ghali kuliko vyote, hasa mvua zikianza. Rungwe inanyesha kuliko karibu sehemu yoyote ya nchi hii, na ule udongo mwekundu ukilowa bodaboda hupandisha bei au hukataa kabisa. Mara nyingi mgonjwa haendi peke yake. Ana msindikizaji, kwa hiyo nauli ni mbili. Bima ya CHF iliyoboreshwa, ile ya Mfuko wa Afya ya Jamii, ilipangwa kwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita. Safari chache tu za namna hii zinazidi ada hiyo, na nauli haimo kwenye kadi. Tunaposubiri matunda ya Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023, tukumbuke kwamba kadi inafungua dirisha la dawa kwa yule aliyefanikiwa kufika mbele yake.

Watafiti Sereen Thaddeus na Deborah Maine walieleza mwaka 1994, wakizungumzia vifo vya uzazi, kwamba mgonjwa hucheleweshwa mara tatu: katika kuamua kwenda, katika kufika, na katika kuhudumiwa akishafika. Maelezo hayo yamefundishwa kwa wauguzi wetu kwa miaka mingi. Kinachosahaulika ni kwamba ucheleweshaji wa pili huzaa wa kwanza. Anayejua kwamba hana namna ya kufika hujizoeza kutokuamua. Anasema ameshapata nafuu. Anasema tarehe iliyopita hakuambiwa jipya. Familia inamwamini kwa sababu inataka kumwamini.

Sasa nitasema jambo linaloniuma. Sisi watu wa nyanda hizi hatushindwi kupata gari. Mtu akifa Dar es Salaam leo jioni na kwao ni Kyela, kufikia kesho usiku kuna Coaster, kuna gari la mwili, kuna mafuta ya kwenda na kurudi, kuna mtu mwenye daftari la michango na kuna mtu wa kulijibu daftari lile. Hakuna anayemwambia mwenye Coaster ajitolee na mafuta pia. Hakuna anayedai kwamba kwa kuwa mafuta yamechangwa basi upendo haupo. Tunajua kabisa jinsi ya kugawana gharama ya safari ya kilomita mia tisa na zaidi kwa usiku mmoja. Maarifa hayo yote tunayaweka tayari kwa siku ambayo mhusika hatayahitaji tena, na kwa mtu yuleyule akiwa hai na ana tarehe ya kliniki tunatafuta mtu mmoja mwenye Noah na huruma.

Niliwahi kuwa mtu huyo mmoja. Jirani yangu wa Itezi, mzee wa miaka sabini na kitu, alianza kusafishwa damu, na nikasema nitampeleka, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Nilimfikisha alfajiri, nikaenda kazini, nikamrudia mchana. Kwa wiki za kwanza nilijiona nafanya jambo jema na kweli lilikuwa jema. Mwezi wa pili nikaanza kuweka mafuta ya elfu tano tano. Sikumwambia mtu, hata mke wangu. Asubuhi moja mzee aliangalia dashibodi, taa ya mafuta ilikuwa inawaka, akanyamaza hadi tukafika. Ijumaa ile akapiga simu mapema akasema, mwanangu, leo usijisumbue, nitapanda Hiace na wenzangu. Nikafarijika, nakiri hivyo. Miezi baadaye binti yake aliniambia kwamba Ijumaa mbili hakupanda Hiace wala chochote. Alibaki kitandani akasema ametoka kliniki. Mzee yule alikuwa amenihurumia mimi.

Nimekisimulia kisa hicho kwa sababu kinaonyesha hisani isiyo na utaratibu inavyofanya kazi ndani ya mgonjwa. Mtu anayebebwa kwa gharama ya jirani hawezi kulalamika, hawezi kuomba, hawezi kusema leo nimeongezewa vipimo utanisubiri hadi saa kumi. Anapima uso wa dereva kila siku. Akiona uchovu, anajiondoa. Gharama zikitoka kwenye mfuko ambao naye amewahi kuchangia, hata mia tano, anapanda gari kama mwenye haki ya kupanda.

Zipo hoja dhidi ya jambo hili zima, na baadhi ni nzito. Ya kwanza inasema kumsafirisha mgonjwa ni wajibu wa serikali, na kila tunapoziba pengo tunaisaidia isilione. Naiheshimu hoja hii. Magari ya wagonjwa ya halmashauri, mafuta yake, matengenezo yake na barabara za TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, zinazoyafikisha vijijini ni mambo ya kudaiwa kwa sauti, na anayejitolea asitumiwe kuizima sauti hiyo. Lakini hoja hii ingekuwa kamili kama safari za kliniki zingekuwa kazi ya ambulensi. Hazipo hivyo, na hazipaswi kuwa. Ukiliweka gari la wagonjwa la Makandana, hospitali ya wilaya pale Tukuyu, kumsubiri mtu wa kisukari apimwe sukari, umemnyima mwenye kutokwa damu. Safari ya tarehe iliyopangwa inahitaji gari la kawaida, dereva makini na kiti kinacholala nyuma kidogo. Serikali inaweza kulipia sehemu ya hilo bila kununua gari hata moja, na hapo ndipo dai letu lingepaswa kuelekezwa.

Hoja ya pili inatoka kwa wenye bajaji na teksi, wanaosema abiria wao wanachukuliwa. Hii nayo haina mzaha, kwa kuwa kijana anayepeleka hesabu kwa tajiri kila jioni hawezi kushindana na safari ya bure. Jibu langu ni kwamba waingizwe. Mgonjwa anayeweza kulipa aendelee kulipa. Asiyeweza hakuwa mteja wao tangu mwanzo. Kwa zile safari ambazo hakuna wa kujitolea, mfuko umlipe bajaji kwa bei iliyokubaliwa, kama 115 inavyomlipa dereva jamii. Kijana wa bajaji aliye kituoni Kabwe anajua mlango upi wa hospitali una ngazi na upi hauna, kuliko mimi.

Hoja ya tatu ndiyo dhaifu kuliko zote, na kwa bahati mbaya ndiyo inayosikika zaidi: kwamba ukimrudishia dereva mafuta, hiyo si kujitolea tena, imekuwa biashara. Anayesema hivi mara nyingi ni mtu mwema anayeogopa jambo jema lisiharibiwe na fedha. Lakini hebu tuangalie kilichotokea kwa wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Kwa miaka mingi tuliwataka wazunguke nyumba kwa nyumba, wapime watoto, wafuatilie wagonjwa wa kifua kikuu, kwa fulana na kofia. Walianza wengi, wakabaki wachache. Serikali yenyewe ilipozindua mwaka 2024 mpango wa kuwafundisha zaidi ya wahudumu 137,000 kwa miaka mitano, ilikubali kwamba lazima walipwe posho. Hakuna aliyesema upendo umekufa. Na huko ambako kubeba wagonjwa kwa gari binafsi kumezoeleka, suala hili limekwisha zamani. Uingereza, dereva wa kujitolea anarudishiwa gharama kwa kila maili, na kuanzia mwaka 2011 kiwango kilichokubaliwa bila kuhesabiwa kuwa mapato kilikuwa peni 45 kwa maili 10,000 za kwanza. Marekani ni mfano wa upande wa pili. Huko sheria inamruhusu anayetumia gari lake kwa kazi ya hisani kupunguza senti 14 tu kwa maili kwenye hesabu ya kodi, kiwango ambacho hakijaguswa tangu miaka ya 1990, ingawa bei ya petroli imepanda mara nyingi. Kwa nafuu ndogo kama hiyo, ni rahisi zaidi kwa mwenye akiba kuendelea. Huduma inayotegemea wenye ziada inapungua pale ziada inapopungua.

Wanaoipinga fidia ya mafuta wanasahau pia kwamba kuna kitu ambacho hakina fidia. Kuamka saa kumi. Kukaa kwenye benchi kuanzia kuchukua faili, kumwona daktari, maabara, kurudi kwa daktari, hadi dirisha la dawa. Kumshika mkono mtu anayetoka kwenye mashine akiwa na kizunguzungu, kushusha vioo kwa sababu mgonjwa wa kifua anahitaji hewa ipite, kusimamisha gari Igawilo kwa sababu dawa za saratani zimemgeuza tumbo. Hiyo ndiyo sadaka yenyewe, na hakuna lita ya petroli inayoilipa. Tukiziondoa gharama begani kwa dereva, watakuja watu ambao hatujawahi kuwaona kwenye kazi hii: mwalimu mwenye Vitz ya mkopo, fundi mwenye pikapu inayolala Jumatano, mama muuza mitumba wa Mwanjelwa ambaye kijana wake ana leseni na hana kazi. Leo hawa wote wana moyo na hawana mafuta.

Nakuja sasa kwenye jambo linalonitatiza mimi mwenyewe kuliko hoja zote tatu, nalo ni siri. Utafiti wa taifa wa viashiria vya UKIMWI wa 2022 hadi 2023 uliikuta Njombe na maambukizi ya asilimia 12.7 kwa watu wazima, Iringa 11.1 na Mbeya 9.6, wakati nchi nzima ilikuwa 4.4. Maana yake ni kwamba ukikusanya wagonjwa wenye tarehe katika mikoa hii, hutakosa wanaokwenda CTC, yaani kliniki ya dawa za UKIMWI, na baadhi yao wamechagua kliniki ya mbali makusudi ili wasionwe na jirani. Sasa tunawaletea jirani mwenye gari anayeuliza nikushushie mlango gani. Kwa mtu kama huyo tangazo la WhatsApp halina msaada, tena linaweza kumfanya aache dawa. Ndiyo maana siamini kundi la WhatsApp linaweza kuwa ndiyo mfumo. Anayepokea maombi inabidi awe mtu mmoja aliyefundwa kutunza siri, muuguzi au mhudumu wa afya wa kata, na dereva aambiwe tu mahali pa kumchukua, saa, na kama anaweza kutembea. Ashushe wote getini. Asiulize. Dereva asiyeweza kukaa kimya asipewe kazi hii hata awe na gari zuri namna gani.

Upande wa sheria nitapita haraka, si kwa sababu ni mdogo bali kwa sababu unatatulika. Noah ya mtu binafsi yenye watu watano wasio ndugu, inatoka Tukuyu alfajiri kwenda Mbeya, mbele ya trafiki ni mchomoko, yaani gari binafsi linalobeba abiria wa kulipa bila leseni. Mara nyingi huwa ni mchomoko kweli. Kubeba abiria kwa malipo kuna leseni yake chini ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019, na bima ya gari binafsi imeandikwa kwa matumizi binafsi. Je, kurudishiwa mafuta ni malipo? Swali hili linaweza kujibiwa na LATRA na TIRA, mamlaka ya bima, kwa waraka wa ukurasa mmoja, wenye kikomo cha fidia kwa kilomita na barua ya utambulisho kutoka hospitalini. Hadi waraka huo utoke, kila dereva mwema anaendesha akiwa na hofu mbili, ya askari na ya ajali, na ya pili ndiyo yenye uzito hasa, kwa yeyote aliyewahi kuteremka mlima wa Inyala nyuma ya lori la mizigo.

Kinachobaki kiko mikononi mwa hospitali zenyewe, na hakihitaji fedha. Kliniki zetu zimepangwa kwa ugonjwa: siku ya kisukari, siku ya mifupa, siku ya macho. Hilo linamfaa daktari na siombi libadilishwe. Ninachoomba ni kwamba anayeandika tarehe kwenye kadi aulize, unatoka wapi, na awaweke wa njia moja siku moja. Kama kliniki ya mifupa ipo Jumanne nne kwa mwezi, Jumanne ya kwanza iwe ya barabara ya Tukuyu na Kyela, ya pili ya Chunya, ya tatu ya Mbarali, ya nne ya Mbalizi na Songwe. Wagonjwa watano waliokuwa wanahitaji magari matano kwa siku tofauti watahitaji gari moja. Na wahudumiwe mfululizo ili gari lirudi kabla ya giza, kwa maana nusu ya safari inayosahaulika siku zote ni ya kurudi.

Tufanye hesabu basi, kwa mtu wa Tukuyu. Kwenda na kurudi Mbeya ni kama kilomita 140. Noah inayokula lita moja kwa kilomita kumi inahitaji lita 14, na tukiichukulia lita kuwa shilingi 3,000, maana bei hupanda na kushuka kila EWURA, mamlaka inayosimamia bei ya mafuta, inapotangaza, hiyo ni 42,000. Ongeza 18,000 za matairi, oili na uchakavu, tufike 60,000. Kata yenye kaya 1,000, kila kaya ikitoa 500 kwa mwezi, inapata 500,000, na hizo ni safari nane, mbili kwa wiki, wagonjwa watano kila safari. Wagonjwa arobaini wanakwenda na kurudi ndani ya mwezi kwa mia tano ya kila kaya, na kaya hiyohiyo huweza kutoa mara kumi ya hiyo kwenye msiba mmoja. Mwekahazina hatuhitaji kumtafuta. Kila mtaa unaye yule mwenye daftari la michango ya misiba, ambaye hajawahi kupoteza shilingi na anajua nyumba ipi haina uwezo wa kutoa. Apewe daftari la pili. Ukurasa wa kwanza uandikwe majina ya wenye magari na siku wanazoweza, wa pili namba ya muuguzi wa kata, na wa tatu uanze na zile mia tano za mwezi huu.